Kwenda moja kwa moja kwa mtaalamu wa fiziotherapia au kupitia kwa daktari: ulinganisho kwa wanaoishi Marekani

Mtu anayepakia mizigo ghalani mjini Louisville, au anayehudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee mjini Des Moines, akiamka asubuhi mgongo umekaza hata anashindwa kufunga kamba za viatu, ana njia mbili za kutafuta nafuu. Anaweza kumpigia simu daktari wake, akasubiri miadi, akapimwa, kisha akapewa barua ya rufaa ya kwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi na mikono. Anaweza pia kumpigia simu mtaalamu huyo mwenyewe na kupewa miadi bila barua ya mtu yeyote. Watu wetu wengi waliotoka Afrika Mashariki na Kongo, huku Marekani, hawajui kwamba njia ya pili ipo, na baadhi ya wanaoijua huifuata hata pale isipofaa, wakaishia na deni ambalo bima imekataa kulilipa. Hapa nitazilinganisha njia hizo kwa upande wa sheria, muda, gharama na usalama. Msimamo wangu nautaja mapema: kwa maumivu ya kawaida ya misuli na viungo, kuanza kwa mtaalamu wa fiziotherapia ni uamuzi mzuri, mradi mgonjwa hana dalili za ugonjwa mwingine na hakuumia akiwa kazini. Masharti hayo mawili ni mazito, na kila moja nitalieleza kwa kirefu.

Sheria za majimbo

Nebraska iliruhusu jambo hili tangu mwaka 1957, na majimbo mengine yakafuata polepole kwa miongo kadhaa. Leo majimbo yote 50 pamoja na Washington, D.C. yanamruhusu mgonjwa kumwona mtaalamu wa fiziotherapia bila rufaa, lakini masharti yanatofautiana sana. Katika majimbo ya Iowa, Kentucky, Colorado na Nebraska yenyewe, sheria haiweki ukomo wa siku wala wa idadi ya mahudhurio. New York inaruhusu mahudhurio 10 au siku 30, lolote litakalotangulia, na inamtaka mtaalamu awe ameifanya kazi hiyo kwa angalau miaka mitatu. California imeweka siku 45 au mahudhurio 12. Ukomo huo ukifika, lazima daktari akuone ana kwa ana na kuidhinisha mpango wa matibabu kabla ya tiba kuendelea.

Texas, ambako Wakenya, Watanzania na Wakongo ni wengi, ilibadilisha sheria yake mwaka 2019. Mabadiliko hayo yalimruhusu mtaalamu mwenye leseni ya angalau mwaka mmoja kukutibu bila rufaa kwa siku 10 za kazi mfululizo, au 15 ikiwa ana mafunzo ya ziada ya ubobezi; uliza kliniki ukomo wa sasa ni upi. Kabla hajakugusa utapewa fomu ya kusaini. Isome yote, kwa sababu inasema mambo yanayokuhusu moja kwa moja: kwamba fiziotherapia haichukui nafasi ya uchunguzi wa daktari, kwamba maoni ya mtaalamu hayatokani na picha za eksirei, na kwamba bima yako huenda isigharimie huduma hiyo. Watu wengi husaini fomu hii wakidhani ni karatasi ya kawaida ya mapokezi, kisha hushangaa bili inapofika.

Hapo ndipo kosa kubwa hutokea. Sheria ya jimbo inamruhusu mtaalamu kukutibu, lakini haiilazimishi kila bima kulipa. Mtu wa Kentucky anaweza kuambiwa kwa haki kabisa kwamba hahitaji rufaa, na bado bima yake ikakataa kulipa hata senti kwa kuwa mkataba wake unaitaka rufaa hiyo. Kwa hiyo swali la sheria na swali la malipo yaulizwe kila moja peke yake.

Je, ni salama kumruka daktari?

Hofu hii ni ya haki, hasa kwa sisi tuliolelewa tukijua kwamba mwenye koti jeupe ndiye mwenye neno la kwanza. Mtaalamu wa fiziotherapia anayehitimu Marekani siku hizi hutoka chuoni na shahada ya udaktari wa fiziotherapia, ambayo kwa kawaida ni masomo ya miaka mitatu baada ya shahada ya kwanza, kisha hufanya mtihani wa kitaifa na kupewa leseni na jimbo. Hawi daktari wa tiba kwa shahada hiyo, lakini sehemu muhimu ya mafunzo yake ni kutambua maumivu yasiyotokana na misuli wala viungo na kumpeleka mgonjwa kunakostahili.

Ushahidi mwingi wa zamani unatoka jeshini. Wakati wa vita vya Vietnam, Jeshi la Marekani lilikuwa na upungufu wa madaktari wa mifupa, likawaruhusu wataalamu wa fiziotherapia wawaone askari moja kwa moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulifuatilia zaidi ya wagonjwa 50,000 waliopokelewa bila rufaa katika vituo vya kijeshi kwa muda wa miezi 40, na haukukuta tukio hata moja la mgonjwa kudhurika kwa uamuzi wa mtaalamu. Askari, bila shaka, wengi wao ni vijana wenye afya, na matokeo hayo hayawezi kubebwa yalivyo hadi kwa bibi wa miaka 70 mwenye kisukari.

Utafiti mwingine, wa mwaka 2018, uliangalia kumbukumbu za bima za watu wenye maumivu ya kiuno. Walioanza kwa mtaalamu wa fiziotherapia walikuwa na uwezekano mdogo zaidi, kwa takriban asilimia 89, wa kuandikiwa dawa za opioidi, yaani dawa kali za maumivu zinazoweza kuleta uraibu, na uwezekano mdogo kwa asilimia 28 wa kupelekwa kwenye vipimo vikubwa kama MRI. Safari zao za idara ya dharura pia zilipungua kwa asilimia 15. Hata hivyo, uwezekano wao wa kulazwa hospitalini ulikuwa juu kwa asilimia 19, jambo ambalo watangazaji wa kliniki hawalitaji. Kwangu mimi, hiyo tofauti ya dawa za opioidi peke yake ni sababu nzito. Tumeona vijana wa Marekani walioanza na vidonge vya mgongo wakaishia kwenye uraibu, na jamii yetu haina kinga maalumu dhidi ya jambo hilo.

Mahudhurio ya kwanza yanavyotofautiana

Kwa daktari wa kawaida, miadi ya maumivu ya mgongo huchukua takriban dakika 15 hadi 20, na sehemu ya muda huo huenda kwenye shinikizo la damu, dawa unazotumia na kujaza kumbukumbu kwenye kompyuta. Daktari mzuri atakuuliza maswali ya kuhakikisha huna ugonjwa wa hatari, atakushauri uendelee kutembea badala ya kulala kitandani, na huenda akakuandikia dawa ya maumivu. Mwongozo uliotolewa na American College of Physicians mwaka 2017 unawataka madaktari waanze na tiba zisizo za dawa, kama vile joto na kukandwa, kwa maumivu mapya ya kiuno, kwa sababu wagonjwa wengi hupata nafuu kadiri muda unavyopita. Kwa hiyo, hata ukianza kwa daktari, huenda akakupeleka kulekule kwa mtaalamu wa fiziotherapia.

Kwa mtaalamu mwenyewe, mahudhurio ya kwanza huchukua kati ya dakika 45 na saa nzima. Atataka kujua maumivu yalianza lini, yanazidi ukikaa au ukisimama, na kama yanakuamsha usiku. Kisha atakutaka utembee kwa visigino, halafu kwa ncha za vidole, kwa sababu mshipa wa fahamu uliobanwa kiunoni huweza kujifichua hapo: mguu mmoja unashindwa kuinua vidole vyake, ingawa mwenyewe hukuwa umeugundua udhaifu huo. Atakulaza chali na kuunyanyua mguu ukiwa umenyooka, akitazama kama maumivu yanashuka kupita goti. Atagonga chini ya goti na nyuma ya kisigino kwa nyundo ndogo ya mpira. Kama unamwinua mgonjwa kitandani kila siku, atakwambia umwoneshe namna unavyoinama na kushika, na mara nyingi chanzo cha tatizo huonekana papo hapo. Utaondoka na mazoezi mawili au matatu ya kufanya nyumbani jioni hiyohiyo. Tofauti hii ndiyo faida kubwa ya njia ya moja kwa moja: matibabu huanza siku ya uchunguzi, wakati aliyeanza kwa daktari anaweza kuwa bado anasubiri rufaa yake ipokelewe.

Yapo mambo ambayo mtaalamu huyo hawezi kukufanyia. Haandiki dawa na haagizi vipimo vya damu. Picha za eksirei haruhusiwi kuziagiza katika majimbo mengi, ingawa Wisconsin iliruhusu mwaka 2016 na majimbo machache mengine yakafuata. Kuna pia suala la likizo ya ugonjwa, ambalo watu hulikumbuka wakiwa wamechelewa. Sheria ya shirikisho inayoitwa FMLA inampa mfanyakazi hadi wiki 12 za likizo bila malipo huku kazi yake ikilindwa, ikiwa mwajiri ana wafanyakazi angalau 50 na mfanyakazi ametimiza miezi 12 na saa 1,250 za kazi. Cheti cha kuomba likizo hiyo kwa kawaida husainiwa na daktari, muuguzi mwenye ngazi ya kutibu au msaidizi wa daktari. Mtu anayejua kwamba mgongo wake hautamruhusu kurudi ghalani wiki ijayo na amwone daktari mapema, hata kama tiba yenyewe ataipata kwingine.

Gharama, ambako uamuzi wa wengi hufanyika

Aina ya bima ndiyo hubadilisha hesabu. Bima za aina ya PPO kwa kawaida hazidai rufaa, ilhali za aina ya HMO mara nyingi zinataka kila jambo lipitie kwa daktari wako wa kawaida. Nyingine hazidai rufaa lakini zinadai kibali cha awali kutoka kwa kampuni ya bima kabla ya mahudhurio ya pili au ya tatu. Piga simu kwenye namba iliyo nyuma ya kadi yako, uulize kama mkataba wako unahitaji rufaa au kibali kwa fiziotherapia, ni mahudhurio mangapi yanalipiwa kwa mwaka, na mchango wako wa kila hudhurio ni kiasi gani. Andika jina la aliyekujibu, tarehe, na namba ya kumbukumbu ya simu hiyo. Jibu la kliniki pekee halitoshi, kwa kuwa atakayebaki na deni ni wewe.

Mchango wa kila hudhurio huonekana mdogo hadi uuzidishe. Tuseme ni dola 40, nawe umeambiwa uje mara mbili kwa wiki kwa wiki sita: hiyo ni dola 480, mbali na mafuta ya gari na saa za kazi ulizopoteza. Ukianza kwa daktari, unaongeza mchango wa kumwona daktari na pengine gharama ya kipimo. Ukianza moja kwa moja, unaokoa hizo, ila uko hatarini kulipa zote peke yako endapo bima itakataa. Kuna pia kile kiasi ambacho mikataba mingi inakutaka ukilipe mwenyewe kila mwaka kabla bima haijaanza kuchangia; mara nyingi hesabu yake huanza upya Januari, na tiba ya Januari inaweza kukugharimu mara kadhaa zaidi ya tiba ileile ya Novemba.

Bili ya fiziotherapia ina namba za huduma. Uchunguzi wa kwanza wa mgonjwa mwenye tatizo jepesi huandikwa 97161, na mazoezi ya tiba huandikwa 97110, yakihesabiwa kwa vipande vya dakika 15. Ukifanya mazoezi chini ya usimamizi kwa dakika 30, tarajia vipande viwili. Ukiona vinne ilhali ulikaa nusu saa, una haki ya kuuliza. Uliza pia kabla ya kuanza kama kliniki ni ya hospitali au ni ya kujitegemea, kwa kuwa kliniki za hospitali mara nyingi hutoza zaidi kwa mazoezi yaleyale. Daktari aliyeajiriwa na hospitali kubwa huelekea kuandika rufaa ya kliniki ya hospitali yake. Rufaa hiyo kwa kawaida haikufungi, na unaweza kuipeleka kwenye kliniki nyingine yoyote iliyo katika orodha ya bima yako.

Asiye na bima analindwa na sheria iliyoanza kutumika Januari 2022. Anayejilipia akipanga miadi siku tatu za kazi au zaidi kabla, kliniki inapaswa kumpa makadirio ya gharama kwa maandishi, na bili ikizidi makadirio hayo kwa dola 400 au zaidi, anaweza kuipinga ndani ya siku 120. Hata hivyo, kwa mtu wa kipato kidogo asiye na bima, njia ya daktari inaweza kuwa nafuu kuliko inavyodhaniwa. Vituo vya afya vya jamii vinavyofadhiliwa na serikali ya shirikisho hupunguza malipo kulingana na kipato, na baadhi vina fiziotherapia hapohapo. Mtu wa namna hii ningemshauri aanze huko bila kusita.

Wenye Medicaid, bima ya serikali kwa watu wa kipato kidogo, wawe waangalifu. Kanuni za shirikisho zinaeleza fiziotherapia ya Medicaid kuwa ni huduma iliyoandikwa na daktari au mhudumu mwingine wa afya mwenye leseni, na kwa hiyo majimbo mengi hudai agizo la daktari hata pale ambapo sheria ya jimbo hailidai. Kwa familia za wakimbizi waliofika karibuni, ambazo wengi wao wako kwenye Medicaid, njia ya daktari ndiyo ya kuanza nayo.

Kwa wazazi wetu walio kwenye Medicare, bima ya serikali ambayo hasa ni ya wazee, hali iko katikati. Medicare haimlazimishi mgonjwa kumwona daktari kwanza, lakini mpango wa matibabu lazima uthibitishwe na daktari, na mtaalamu anatakiwa kuipata saini hiyo ndani ya siku 30. Tangu Januari 2025 masharti yamelegezwa kwa aliyefika akiwa na agizo la daktari: mtaalamu akishaupeleka mpango kwa daktari huyo kwa wakati, ukosefu wa saini hauzuii tena malipo. Aliyekuja moja kwa moja bado anahitaji saini. Sehemu B ya Medicare, inayohusu huduma za nje ya wodi, hulipa asilimia 80 baada ya kiasi cha awali cha mwaka, na asilimia 20 hubaki kwa mgonjwa. Kwa mzee mwenye daktari anayemjua na anayemwona kila baada ya miezi mitatu, sioni faida ya kumruka. Simu moja kwa ofisi ya daktari huyo inaweza kulimaliza suala la agizo.

Dalili zinazoondoa uchaguzi

Kuna maumivu yasiyofaa kupelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia kwanza kwa bima yoyote ile. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, kushindwa kukojoa, kujisaidia bila kujizuia, au udhaifu wa miguu yote miwili, ni ya idara ya dharura siku hiyohiyo, kwa kuwa mishipa ya fahamu ya chini ya uti wa mgongo inaweza kuharibika kabisa ikicheleweshwa. Maumivu ya bega la kushoto, taya au mkono yanayokuja na kubanwa kifua na jasho ni ya kupiga 911. Aliyeanguka vibaya na hawezi kukanyaga apigwe picha kwanza, na aliyewahi kuugua saratani akipata maumivu mapya ya mifupa amwone daktari.

Kwa watu waliotoka Afrika Mashariki na Kongo yapo matatu zaidi, ambayo mtaalamu aliyesomea Ohio huenda asiyawaze upesi. La kwanza ni kifua kikuu cha pingili za uti wa mgongo, ambacho huweza kujitokeza miaka mingi baada ya mtu kuhama, mara nyingine bila kikohozi chochote. Mgongo unaouma taratibu kwa wiki nyingi, pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito, unahitaji daktari na vipimo. Mazoezi hayautibu, na kuukanda kwa nguvu kunaweza kudhuru pingili zilizokwisha kuliwa na ugonjwa. La pili ni selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe za damu. Mgonjwa wa selimundu anayeanza kuumwa nyonga asidhani ni uchovu wa kazi, kwa kuwa kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuwa kimekosa damu. La tatu ni damu kuganda mguuni baada ya safari ndefu ya ndege. Aliyetoka Dar es Salaam au Nairobi wiki hii, akiwa na mguu mmoja uliovimba na unaouma kwenye shavu la mguu, asimruhusu mtu yeyote aukande kabla daktari hajaupima.

Ikiwa umeshaanza njia ya moja kwa moja, taja mambo haya bila kuulizwa: ulikozaliwa, kama uliwahi kuishi na mgonjwa wa kifua kikuu, kama una selimundu, na lini ulisafiri. Mtaalamu hufanya uamuzi kwa kutegemea ulichomwambia.

Umeumia kazini

Hapa sina mashaka: toa taarifa kazini, kisha uanze na daktari. Wafanyakazi wetu wengi wa maghala, viwanda vya nyama na nyumba za wazee hunyamaza kwa kuogopa kuonekana wasumbufu, wakalipia matibabu kwa bima yao binafsi au kwa mfuko wao, na baadaye wakakosa fidia waliyostahili. Fidia ya kuumia kazini ina taratibu zake, na jeraha linahitaji kuandikwa na daktari anayetambuliwa na utaratibu huo. Katika jimbo la Iowa mwajiri ndiye mwenye haki ya kuchagua daktari atakayekutibu, na taarifa itolewe ndani ya siku 90. Texas inampa mfanyakazi siku 30 tu za kumjulisha mwajiri, na zaidi ya hapo haimlazimishi kila mwajiri kuwa na bima hiyo, kwa hiyo uliza mapema kama wako anayo. Ukienda kwa mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya hayo yote, bima ya kazini huenda ikagoma kulipa, na bima yako ya kawaida nayo ikakataa kwa kusema kwamba jeraha hili ni la kazini. Taarifa itolewe kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu kwa msimamizi, nawe ubaki na nakala.

Lugha

Sheria za haki za raia zinaitaka kliniki inayopokea fedha za shirikisho, zikiwemo za Medicaid, impatie mgonjwa mkalimani aliyehitimu bila malipo. Ofisi nyingi za madaktari na kliniki za hospitali zina huduma ya ukalimani kwa simu, na Kiswahili kimo. Kliniki ndogo ya fiziotherapia inayopokea malipo taslimu peke yake inaweza kuwa nje ya wajibu huo. Kwa mzee asiyejua Kiingereza, jambo hili linaweza kuwa kubwa kuliko gharama, kwa sababu fiziotherapia inategemea maelekezo madogo madogo: vuta pumzi, kaza tumbo, simama maumivu yakishuka mguuni. Omba mkalimani wakati wa kupanga miadi, utaje Kiswahili, na kama mzee anazungumza Kiswahili cha Kongo, lisemwe hilo pia. Mtoto wa shule asitumwe kumtafsiria bibi yake mambo ya haja ndogo na ganzi ya sehemu za siri. Bibi atanyamaza, na dalili ya hatari itapita bila kusemwa.

Kuchanganya njia mbili

Uchaguzi huu haukufungi milele. Kijana wa Denver mwenye PPO aliyeteguka kifundo cha mguu akicheza mpira, na bado anaweza kukikanyaga, aende kwa mtaalamu kesho. Mama mwenye kisukari ambaye bega lake limekuwa gumu na bima yake ni HMO, aanze kwa daktari, ambaye ataangalia na sukari yake. Kwa walio katikati, hasa katika majimbo yenye ukomo wa siku, ninachoona kinafaa ni kufanya yote kwa pamoja: siku unayopanga miadi ya kwanza ya fiziotherapia, panga na ya daktari, kwa sababu nafasi ya mgonjwa mpya inaweza kuchukua wiki kadhaa, na siku zilizowekwa na sheria huisha upesi. Mwombe mtaalamu atume ripoti ya uchunguzi wake kwa daktari huyo kabla hujaonana naye. Daktari akiwa na ripoti inayoonesha nguvu ya mguu, kiwango cha kuinama na mabadiliko ya wiki mbili, anakuwa na msingi wa kuidhinisha tiba iendelee au kuagiza kipimo. Muulize pia mtaalamu, siku ya kwanza, anatarajia mabadiliko gani na kufikia tarehe ipi. Tarehe hiyo ikipita bila nafuu yoyote, daktari aonwe hata kama bado una mahudhurio ambayo bima iko tayari kuyalipia.